Nekesa, Darubini Yako Ilifika Malakisi

Mpendwa binti yangu Nekesa,

Sikuanza na salamu kwa sababu sijui mtu aliye huko uliko anasalimiwaje. Mimi nimechoka, mama. Miguu imechoka, mgongo umechoka, hata kope zenyewe zimechoka. Lakini Chebet amesema niandike, na wewe unamjua rafiki yako, akisema jambo halirudi nyuma. Ati atawasomea watu pale kiwanjani Matisi kabla hawajapanga foleni ya kuangalia mwezi. Nikamwambia mimi shule niliachia darasa la nne, sitaweza kuandika kitu cha kusomwa mbele ya watu. Akasema, "Mama, wewe mwandikie Nekesa peke yake. Sisi tutasikiliza tu."

Basi nakuandikia wewe. Hao wengine wasikilize.

Nataka nikwambie jinsi darubini yako ilivyofika Malakisi. Uliwaahidi watu wa nyumbani utaileta, ukaondoka kabla. Mtu akiondoka na ahadi mdomoni, hiyo ahadi inabaki kwa mama yake, kama vile nguo chafu zinavyobaki. Nimeibeba, nimeifikisha, sasa nataka kuketi.

Unakumbuka tanuri? Wakati ule tulikuwa tunakaa Malakisi kwa babu yako, baba yako akiwa ameshatuacha. Tulilima tumbaku kama kila mtu. Majani yakivunwa yanafungwa kwa vijiti na kutundikwa ndani ya lile banda refu la udongo, na ubavuni mwa banda kuna tanuri la kuni, na huo moto haulali. Ukisinzia, unazima, majani yanakuwa meusi, na jasho la msimu mzima limekwenda. Ukizidisha kuni, banda linashika moto na majani yako ndani. Kwa hivyo lazima mtu akeshe. Na katika boma lile mtu huyo alikuwa mimi, maana mjane hana wa kumtuma.

Nawe ulikuwa mtoto wa mifupa. Ndivyo walivyokuita majirani kabla hatujajua jina la ugonjwa, kwa sababu ulilia ukishika magoti na viwiko. Baadaye hospitali wakasema ni sikoseli, damu yako ina umbo baya, na ikipigwa na baridi inajazana ndani ya mishipa kama takataka kwenye mfereji. "Mama, huyu mtoto baridi isimguse," daktari aliniambia. Mimi nikayachukua hayo maneno kama amri ya kumi na moja. Nyumba yetu ilikuwa na baridi kuliko kando ya tanuri, ndiyo maana nilikubeba usiku kwenda kwenye moto. Nilikutandikia magunia, mgongo nikauelekeza kwenye joto, uso ukabaki unaangalia juu.

Watu wanafikiri nyota ulifundishwa chuoni. Mimi najua ulianzia kwa magunia.

"Mama, ile nyota imehama."

"Lala."

"Imehama, mama. Si ilikuwa juu ya choo? Sasa iko juu ya ng'ombe."

Nilicheka mpaka nikasahau kuni. Kumbe hata mimi nilikuwa nazitumia bila kufikiri, zile tatu za mstari mmoja. Zikifika juu ya mlango wa banda, natupa gogo nene na kujua nimebakisha kidogo. Nilikuambia, ukashangaa sana, ukakaa kitako. "Kwa hivyo hizo ni saa?" Nikasema ni saa ya mtu asiye na saa. Ulicheka, na mifupa haikukuuma usiku ule. Nakumbuka kwa sababu usiku ambao mifupa haikuuma ulikuwa ni mchache, na mimi huo mchache niliuweka.

Tulihamia Kitale kwa ajili ya hospitali tu. Watu wa Malakisi walisema nimefuata mji. Mji gani? Nilifuata kitanda cha wodi ambacho ningeweza kukifikia kwa mguu. Tukapata chumba mtaa wa Matisi, nikaanza kuuza chai na mandazi kando ya barabara, na wewe ukasoma, ukaugua, ukasoma, ukalazwa, ukasoma tena, mpaka ukawa mwalimu. Sijui ulisoma vipi. Mimi nilikuwa naona tu unaandika ukiwa umejikunja kwenye blanketi kama mahindi ndani ya maganda.

Halafu yule sista mzee wa misheni, aliyekuwa anarudi kwao, akakuachia darubini. Uliileta nyumbani imefungwa kwa shuka. Nikaona bomba jeupe refu, nikasema, "Nekesa, choo cha shule kimeharibika?" Ulicheka ukashika mbavu. "Mama, hii ni ya kuangalia nyota." Mimi moyo ulinidondoka. Kwa sababu nyota hutoka lini? Usiku. Na Kitale usiku kuna nini? Kuna baridi.

Tuliongea hayo maneno mara nyingi mpaka yakawa kama wimbo.

"Mama, nyota hazitoki mchana."

"Hata hiyo baridi inayokuua haitoki mchana."

"Basi njoo unilinde."

Nikaja. Ndivyo nilivyoanza kufika pale kiwanjani. Sikufuata nyota. Nilifuata mgongo wako nikiwa na sweta mkononi, ile ya rangi ya damu ya mzee niliyokufumia mwenyewe, na leso mbili, na chupa ya maji moto, na birika la chai ya tangawizi, maana nilisema kama nitakaa nje bure heri niuze.

Wewe na Chebet mliandika kwa katoni: NJOO UONE MWEZI. BURE. Mkaiweka pale kwenye duka la simu. Chebet huyo, kwa wale mnaomsikia akisoma lakini hamumjui vizuri, alikuwa mwalimu mwenzako na kwao ni juu mlimani, Elgon, mahali ambapo baridi ni kama shangazi wa nyumbani, inakuja na kukaa. Yeye alikuwa anavaa fulana. Wewe nakufunga sweta mpaka shingoni mbele ya wanafunzi wako na unakubali. Nakushukuru kwa hilo. Mtoto mwingine angeona aibu.

Jioni ya kwanza watu walisimama mbali. Ati bure? Kitu cha bure kina mwenyewe. Yule kijana wa bodaboda, mwenye kofia ya manyoya, ndiye aliyesogea.

"Niaje, madam. Hii kitu inaweza onyesha mpaka Suam?"

"Inaonyesha mbali zaidi ya Suam."

"Uganda ndani?"

"Mbali zaidi."

"Sasa kama haionyeshi Suam, mimi itanisaidia na nini? Bibi yangu ako Suam."

Watu wakacheka, na wakishacheka pamoja hawawezi tena kusimama mbali. Foleni ikajipanga. Mzee mmoja akainama, akashika kiuno, akaangalia mwezi kwa muda mrefu hadi wa nyuma wakaanza kupiga kelele. Akainuka akasema, "Kumbe pia huko barabara ina mashimo. Basi serikali ni moja." Ulicheka ukaishiwa pumzi, na mimi nikakimbia na maji moto, nikifikiri unaanza kuumwa.

Ndivyo nilivyokuwa. Ukicheka, nakimbia. Ukikohoa, nakimbia. Ukinyamaza, nakimbia kabisa. Wakaniita Mama Sweta. "Mama Sweta, chai moja." "Mama Sweta, mwalimu amevaa leo?" Niliwajibu wote. Sikuona aibu. Kila mwezi ukifika nusu na mawingu yakikubali tulikuwa pale, na watu walianza kunijulia hali kwa mwezi. Mwanamke wa mboga anapita asubuhi, ananiuliza, "Mama Sweta, leo mbinguni kuko aje?" Kama mimi ndiye mwenye ufunguo.

Ulipenda kuwaeleza jambo moja. Wakishangaa kwamba darubini yako inageuza vitu, juu inakuwa chini, ulisema, "Huko juu hakuna juu wala chini. Ni sisi tu tunaopenda kujua kichwa kiko wapi." Nililisikia mara nyingi hata nikawa nalisema nikikoroga unga. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Sasa Julai.

Sitaki kuandika lakini nitaandika, kwa sababu maneno yamesemwa na lazima nami niseme yangu. Upepo ulikuwa unatoka mlimani jioni ile. Foleni ilikuwa ndefu, na wewe ulitaka kila mtu aone ile nyota yenye pete. Nilikuambia tufunge. Ukasema, "Mama, wamebaki wachache." Ulikuwa umevaa sweta. Nataka wote waliokusanyika hapo wasikie: ulikuwa umevaa sweta, na leso yangu juu yake, na ulikunywa maji moto, na mkono wako niliushika ukiwa na joto. Sikukuacha kwenye baridi. Kabla wiki haijaisha ulikuwa wodini na maumivu yalikuwa kifuani, si kwenye mifupa tena.

Pale kitandani ulikuwa unahesabu mambo yako ya juu. Uliniambia mwezi utapatwa, mzima mzima, na mapema jioni, hata watoto watakuwa macho. "Niliwaahidi watu wa Malakisi. Nitaiweka darubini pale pale kwenye tanuri, mama. Pale magunia yalikuwa."

"Pona kwanza."

"Nitaponea huko."

Mimi nikakukunja vidole nikavifunika. Hilo ndilo la mwisho tulilopanga.

Kwenye mazishi shangazi mmoja alisema, si kwa siri, "Huyu ni nyota zimemmaliza. Mtoto mgonjwa anawekwa nje usiku kama mbwa." Sikumjibu. Unajua kwa nini sikumjibu, Nekesa? Kwa sababu moyoni nilikuwa nimekubali nusu. Sikukubali hiyo ya mbwa. Ya nyota nilikubali. Nilizichukia. Nikitoka nje kwenda choo usiku niliinamisha kichwa ili nisizione.

Kwa hivyo siku ya kunyolewa nywele za msiba, tulipoketi vichwa vyetu vyeupe mbele ya wazee na vitu vyako vikaanza kutajwa, nani achukue nini, mimi sikuwa na mdomo. Vitabu vilienda kwa Chebet. Nguo zilienda kwa binamu zako. Halafu babako mdogo Wafula akasimama, akasafisha koo.

"Hii bomba nitachukua mimi. Mtoto alikuwa wa boma hii. Si vizuri irudi mjini."

Chebet alinibana na kiwiko. Mama, sema. Macho yake yalikuwa yamejaa. Lakini mimi nilisema ndani yangu, iende. Ikakae mbali na mimi. Na unajua desturi: kitu kilichogawanywa siku ile, mbele ya wazee, hakirudishwi. Kuomba irudi ni kuita maiti arudi achague upya. Wafula akaibeba begani kama jembe.

Sweta hawakuitaja kwa sababu hawakuiona. Nilikuwa nimeikalia.

Nikarudi Matisi. Kiwanja kikakaa giza. Nilikuwa nachemsha chai yangu, narudi ndani mapema, nafunga mlango. Watu ni wazuri lakini wanauliza. Yule wa bodaboda alisimamisha pikipiki siku moja, akavua kofia, akasema, "Mama Sweta, pole tena. Ile ya mwezi itarudi lini?" Nikamwambia haitarudi. Akasema, "Nilikuwa nimeambia bibi yangu wa Suam aje aone." Nikamkaangia mandazi mawili ya bure aende.

Ndipo Chebet akaja. Aliketi kwenye kiti chako, akanywa chai kama mtu anayehesabu majani ya chai.

"Mama, ule mwezi wa kupatwa umekaribia."

"Upatwe tu."

"Alikuwa ameahidi."

"Chebet, mimi nimechoka. Kwani mwezi ukipatwa lazima darubini? Si watu watauona na macho?"

"Watauona," akasema. Huyo msichana hajui kudanganya hata kidogo. "Kupatwa kwa mwezi hata mtu bila darubini anaona vizuri. Lakini Nekesa hakuwaahidi mwezi. Aliwaahidi darubini."

Nikamkasirikia kwa sababu alikuwa amesema kweli. Usiku ule sikulala. Asubuhi nilinunua sukari na majani chai, nikafunga kibanda, nikaenda Malakisi. Tulipokuzika mahindi yalikuwa yanatoa ndevu. Sasa yalikuwa yameanza kukauka, na nilipoyaona nikajua dunia imekuwa ikitembea tu, haijaningoja.

Wafula nilimkuta uani. Darubini ilikuwa imesimama kwa miguu yake mitatu karibu na zizi, imefunikwa gunia juu, na yeye ameketi mbali nayo kama mtu anayeogopa mbwa wa jirani.

"Shemeji, umekuja," akasema. "Afadhali. Hii kitu ya mtoto wako, sijui."

"Imefanya nini?"

"Si niliiweka nione nani anapita na kuku zangu? Nikaweka jicho. Nikaona Simiyu anatembea kichwa chini, miguu juu. Na ng'ombe yake pia. Na mlima wote umeninginia kama popo, bana. Nikaondoa jicho, Simiyu ako sawa. Nikarudisha, Simiyu ako juu chini."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake Simiyu akaanguka na pikipiki. Miguu juu! Vile vile nilimuona!"

"Wafula, Simiyu alikuwa amelewa."

"Alikuwa amelewa, ndiyo. Lakini si mimi nilimuona kabla alewe?"

Nekesa, nilicheka. Sikujua kama kile kicheko bado kimo ndani yangu. Nilicheka nikashika ukuta wa zizi, na Wafula akanikodolea macho, akafikiri labda imenishika na mimi. Nikamweleza. Nikasema ndivyo ilivyotengenezwa, inageuza kila kitu, kwa sababu ni ya nyota, na Nekesa alikuwa akisema huko juu hakuna juu wala chini.

"Sasa mbona hakutuambia hiyo siku ya kunyoa?"

Aliuliza tu. Yalimtoka tu kama yanavyomtoka mtu aliyezoea kwamba kila kitu cha kisomo ataulizwa Nekesa. Kuku alipita katikati yetu.

"Angesema vipi, Wafula?"

Aliangalia viatu vyake. Akavua kofia, akaishika, akairudisha kichwani. Huyo mtu tumegombana miaka mingi juu ya mipaka na miti, lakini nilimuona uso wake ukianguka, na nikajua kwamba hata yeye alikuwa anakungoja.

Nikamwambia nilichokuja kusema. Ahadi yako, tanuri, mwezi. Alitikisa kichwa. "Kurudisha siwezi. Iligawanywa mbele ya wazee. Watasema tumechezea kichwa cha marehemu." Nikasema najua, ndiyo maana nimechoka hata kabla ya kuomba. Akafikiri. Akakuna kidevu. "Lakini nani alisema siwezi kualika watu kwangu? Tanuri iko kwa shamba yangu. Bomba ni yangu. Mwezi sijui ni ya nani, lakini itakuwa juu ya boma yangu. Mwambie yule msichana wa mlima akuje."

Ndivyo ilivyokuwa. Haikurudishwa. Ilialikwa.

Siku yenyewe watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Wanawake wa kanisa na viti vyao vya plastiki. Wakulima na watoto wao, hata Simiyu na mkono wake umefungwa. Mawingu yalikuwa yamelala upande wa mlima na Chebet alikuwa anayatazama kama anayatukana kimoyomoyo. Alisimamisha darubini pale wazi, mbele ya banda letu la zamani. Ukuta mmoja wa banda umeanguka, Nekesa. Siku hizi hakuna mtu anayekaushia hapo. Tanuri lenyewe bado lipo, mdomo wake mweusi vile vile.

Jua likazama. Na mimi, sijui niseme vipi, mikono yangu ilienda yenyewe. Niliokota vijiti. Nikaokota kuni kavu kutoka kwa ule ukuta ulioanguka. Nikaziingiza tanurini, nikawasha, nikapuliza, na moto ukashika kana kwamba ulikuwa umezima jana. Nikatafuta magunia, nikayatandika pale pale. Nikaketi kando na sweta kwenye mapaja. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimefanya kazi yangu. Watu walipanga foleni, mwezi ukaanza kutoka kwenye mawingu, na mimi niliangalia moto.

Chebet akaja, akachuchumaa.

"Mama."

"Niko."

"Moto, mama. Mwanga wake unaharibu macho ya watu, hawaoni vizuri. Na moshi unaenda upande wa darubini."

"Lakini nikiuzima atapigwa na..."

Nilisikia sauti yangu. Chebet pia aliisikia. Hakunimalizia, na hakunishika bega, na hakusema pole. Alibaki amechuchumaa tu, akiangalia moto pamoja na mimi. Wafula akapiga kelele kutoka kwenye foleni, "Nani amewasha moto hapo?"

"Ni mimi, Wafula."

Akavua kofia. Aliyajua magunia yale.

Nikauzima. Nikazitoa kuni moja moja kwa mkono, nikazigonga, nikalifukia kaa la moto kwa majivu kama tulivyokuwa tukifanya msimu ukiisha. Maisha yangu yote kwenye lile tanuri nilipigana moto usizime. Na sasa nimeuzima mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu hakuna mtu kwenye magunia.

Basi giza likaja lote. Na mwezi ukaanza kuliwa upande mmoja, polepole, kama mtu anavyokula mkate akiwa hana njaa. Mama mmoja mzee akaanza kugonga sufuria. Wafula akachukua debe, akalipiga kwa fimbo, "Achilia! Achilia mwezi yetu!" Watoto wakaingia, debe, vifuniko, makofi, ikawa kelele mpaka mbwa wote wa Malakisi wakajibu.

"Baba, haujashikwa na mtu," Chebet akasema akicheka. "Ni kivuli chetu. Ni kivuli cha dunia hii tuliyosimama juu yake."

Wafula akasimamisha fimbo. "Kivuli yetu?"

"Chetu."

"Sasa si tusogee!"

Walicheka watu wote, hata mimi. Ungekuwepo ningekimbia na maji moto.

Wafula alipoweka jicho kwenye darubini alikaa sana. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, amekuwa mwalimu. Alisimama pale pale akawapokea wote waliokuja nyuma yake. "Msiogope ikiwa imegeuka. Ni bomba inageuza. Huko hakuna juu wala chini." Alilisema kana kwamba ni lake. Alilirudia kwa kila mtu, kwa watoto, kwa mama mzee wa sufuria, kwa Simiyu alilirudia mara mbili. Nilisimama gizani nikisikiliza maneno yako yakitoka kwenye kile kinywa, na sikumsahihisha.

Foleni ilipoisha Chebet akaniita. "Mama, zamu yako."

Na hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwahi kujua. Miaka ile yote pale Matisi, jioni zile zote, mimi sikuwahi kuweka jicho langu hapo. Hata mara moja. Wewe uliniita, nikasema ngoja nimwage hii chai, ngoja nimalize huyu mteja. Nilikuwa naangalia mgongo wako. Kila mtu wa Matisi ameuona mwezi kupitia wewe, isipokuwa mama yako.

Nikainama. Mwanzoni niliona kope zangu tu. Halafu mwezi ukaja. Nekesa, ulikuwa mwekundu. Ulikuwa kama lile kaa ambalo nimetoka kulifukia, linapokuwa limefunikwa na majivu na bado limo, halitoi mwali, halifanyi fujo, limo tu. Sikuona mashimo. Au yalikuwepo, macho yalikuwa na maji. Nilikaa hapo na hakuna mtu aliyenipigia kelele nyuma, maana nilikuwa wa mwisho.

Nyota sizichukii tena. Sijasema nimezipenda. Nimechoka kuzichukia, na chuki nayo ni kazi kama kukesha.

Nilipoinuka nilihisi kitu kwenye mabega, na kwenye viwiko, na magotini. Nilishtuka. Nilianza kukutafuta kwa macho, kama kawaida, nani anatetemeka. Ni mimi. Nilikuwa nasikia baridi. Miaka yote nimesimama kwenye baridi ya Kitale na sikuwahi kuisikia, kwa sababu nilikuwa naisikia kwenye mwili wako.

Sweta ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimeifuma kubwa, unakumbuka, uliniuliza kwa nini inakufika magotini, nikasema ni uvae juu ya nguo nyingine, na upate nafasi ya kunenepa. Hukuijaza hata siku moja.

Nikaivaa. Imenitosha.

Wafula anasema darubini itakaa kwake, ila kila mwezi ukifika nusu ataileta Matisi yeye mwenyewe, ati nisiiguse, ni mali ya boma. Nimemwambia aje. Chai nitachemsha. Sasa nimemaliza kuandika na mkono unauma. Wewe lala, mama. Uso uangalie juu.

Ni mimi mama yako,
yule wa sweta.